Mtandao Usio na Tajiri Mmoja

Barua pepe haina tajiri. Mwenye anwani ya Gmail humwandikia mwenye anwani ya Yahoo, na wote wawili humwandikia mhadhiri ambaye sanduku lake liko kwenye seva ya chuo, bila yeyote kati yao kuhama alipo. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alipoweka alama ya @ kati ya jina la mtu na jina la kompyuta anayoitumia. Simu nazo ni vivyo hivyo: laini ya Vodacom hupiga ya Airtel, na ya Airtel hupiga ya Safaricom.

Mitandao ya kijamii iliyokuja baadaye ilijengwa kwa kanuni nyingine. Aliyeko Facebook hawezi kumfuata aliyeko Twitter (sasa X) mpaka naye afungue akaunti huko. Anayetaka kuondoka huondoka karibu mikono mitupu: marafiki na wafuasi aliowakusanya miaka kumi hubaki kwa mwenye mali. Na mwenye mali akiamua kuuza, kubadilisha sheria au kufunga, hana wa kumuuliza.

Kuna watu waliolikataa jambo hilo mapema. Walitengeneza mitandao midogo midogo, kila mmoja ukiwa na mtunzaji wake, lakini yote ikizungumza kama seva za barua pepe zinavyozungumza. Kwa miaka mingi sauti yao haikufika mbali. Kisha, mwishoni mwa 2022, watu kwa mamilioni waliwabishia hodi ndani ya wiki chache. Historia ya ujio huo, na ya wengi walioishia njiani, ina somo moja: tajiri ukimwondoa, kazi aliyokuwa akiifanya haiondoki naye.

Kabla ya matajiri

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuzifanya kompyuta za vyuo zipigiane simu na kubadilishana ujumbe. Mwaka uliofuata mfumo huo, uliopewa jina la Usenet, ulikuwa ukifanya kazi kati ya Duke na chuo jirani cha Chapel Hill. Haukuwa na makao makuu. Kila chuo kilihifadhi nakala yake ya mazungumzo, na msimamizi wa kompyuta za hapo ndiye aliyeamua makundi yapi yapokelewe na yapi yaachwe. Kila Septemba waliingia wanafunzi wapya wasiojua adabu za mahali, na wenyeji wakawafunda mpaka wakazoea.

Utaratibu huo ulielemewa kati ya 1993 na 1994, kampuni za kuuza huduma za mtandao, AOL ikiwamo, zilipowafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Wageni hawakuja tena kwa msimu. Walimiminika kila siku, na wakongwe wakauita wakati huo Septemba isiyokwisha. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo la bahati nasibu ya green card kwenye maelfu ya makundi kwa mpigo mmoja. Watu walikasirika, lakini hapakuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko. Swali la nani awatoe waharibifu pasipo na mkuu lilijitokeza waziwazi hapo, na limewafuata wajenzi wa mitandao midogo hadi leo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mabaraza yake kabla Facebook haijashika hatamu. Wakenya walikuwa na Mashada, lililoendeshwa na David Kobia akiwa Marekani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, matusi ya kikabila yaliwazidi nguvu wasimamizi, na mwishoni mwa Januari 2008 Kobia akalifunga. Mahali pake alifungua tovuti aliyoiita I Have No Tribe, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa tovuti ya Ushahidi. Tanzania ilikuwa na JamboForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa JamiiForums. Humo watu waliandika kwa majina ya bandia juu ya ufisadi wa wakubwa. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kufikishwa mahakamani, shtaka mojawapo likiwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake.

Yaliyompata Kobia na yaliyompata Melo ndiyo mizigo miwili ya kila anayeendesha jamii ndogo mtandaoni: kusafisha uchafu wa watu na kulinda siri zao. Kampuni kubwa zilipokuja zilijitwika mizigo yote miwili, zikawapa watu huduma bure, nazo zikajilipa kwa kuuza matangazo. Facebook ilianza 2004, Twitter 2006. Oktoba 2014 Facebook na Tigo walianza kuwapa Watanzania huduma kadhaa za mtandao, Facebook yenyewe ikiwa mojawapo, bila kukatwa bando. Novemba mwaka huo huduma hizo zikafika Kenya kupitia Airtel. Baraza dogo lisilo na mkataba na kampuni ya simu lingeshindanaje na kitu cha bure?

Montreal, New York, Jena

Upinzani wa kwanza dhidi ya Twitter ulianzia Kanada. Julai 2008 Evan Prodromou, mtaalamu wa programu aliyeishi Montreal, alifungua Identi.ca. Kwa juu ilifanana na Twitter, ila programu yake ilikuwa huria: yeyote angeweza kuichukua, kuiweka kwenye seva yake na kuwafuata watu wa seva nyingine. Programu hiyo iliitwa Laconica, baadaye StatusNet, na mwisho ikaingia katika mradi wa GNU social. Watumiaji wake wengi walikuwa mafundi wa kompyuta. Dunia haikushtuka, lakini wazo la seva nyingi zenye lugha moja lilikuwa limethibitika.

Miaka miwili baadaye fedha zilijitokeza. Februari 2010 Eben Moglen, profesa wa sheria, alitoa mhadhara New York akieleza jinsi watu walivyoikabidhi Facebook maisha yao, na akawataka mafundi watengeneze kitu mbadala. Wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha New York waliusikia wito huo: Ilya Zhitomirskiy, Dan Grippi, Max Salzberg na Raphael Sofaer. Waliomba umma dola 10,000 kupitia Kickstarter ili watengeneze mtandao uitwao Diaspora. Walipata zaidi ya dola 200,000. Hata Mark Zuckerberg alisema amechangia.

Fedha zilitangulia kazi, na matarajio yakazitangulia fedha. Msimbo wa kwanza, uliotolewa Septemba mwaka huo, ulikutwa na mianya mingi ya kiusalama. Novemba 2011 Zhitomirskiy alifariki akiwa na miaka 22. Mwaka 2012 waliobaki waliukabidhi mradi kwa watu wa kujitolea, nao wanauendesha mpaka sasa. Magazeti yalishaihesabu Diaspora kuwa imeshindwa, kwa kuwa yalikuwa yakisubiri imwangushe Zuckerberg.

Aliyefuata hakutangaza vita na mtu. Eugen Rochko alizaliwa Urusi, akahamia Ujerumani akiwa mtoto, akasoma katika chuo kikuu cha mji wa Jena. Alikuwa mtumiaji wa Twitter aliyechoshwa na mabadiliko ya kampuni hiyo. Mwaka 2016 aliandika programu mpya iliyoweza kuzungumza na seva za GNU social lakini yenye sura ya kuvutia, na Oktoba akaitangaza. Aliipa jina la Mastodon, kutokana na bendi ya muziki ya Marekani, na mnyama wa kale wa jamii ya tembo akawa nembo yake. Chapisho moja lilikuwa na nafasi ya herufi 500 wakati Twitter ilikuwa bado na 140. Hapakuwa na matangazo, wala mashine ya kuamua nani aone nini. Machapisho yalipangwa kwa wakati yalivyoingia. Rochko aliishi kwa michango ya watu kupitia Patreon.

Lugha ya pamoja ilikamilika Januari 2018, shirika la W3C linalosimamia kanuni za wavuti lilipoidhinisha itifaki iitwayo ActivityPub. Miongoni mwa waandishi wake walikuwa Christine Lemmer-Webber, Jessica Tallon na yuleyule Prodromou wa Montreal. Kwa itifaki hiyo, kila akaunti ina sanduku la kupokea ujumbe na la kutuma, na anwani yake ina sehemu mbili kama ya barua pepe: jina la mtu na jina la seva. Mwenye akaunti kwenye Mastodon humfuata mweka video wa PeerTube au mpiga picha wa Pixelfed, ingawa programu ni tofauti na seva ziko nchi tofauti. Jumla ya mitandao hiyo ndiyo inayoitwa Fediverse.

Mawimbi

Ukitazama tarehe za watu kuhamia Mastodon utaona kwamba mara nyingi hawakuvutwa na uzuri wake. Walisukumwa na uamuzi fulani wa tajiri wa kule walikotoka. Aprili 2017, baada ya Twitter kubadilisha namna ya kuonyesha majibu, watu walifurika hadi Rochko akafunga kwa muda usajili kwenye seva yake, mastodon.social. Mwezi huohuo Wajapani waliingia kwa kishindo: mwanafunzi mmoja alifungua mstdn.jp, na kampuni ya Pixiv ikafungua Pawoo kwa ajili ya wachoraji. Baadhi ya michoro ya Pawoo ilikuwa halali Japani lakini haramu katika nchi nyingine, na seva nyingi za Ulaya zikaizuia mara moja. Mtandao uliosifiwa kuwa hauna mipaka ulichora mipaka ndani ya mwezi mmoja.

Novemba 2019 ilikuwa zamu ya India. Twitter ilifunga akaunti ya Sanjay Hegde, wakili wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na Wahindi wengi wakahamia Mastodon kwa hasira. Wengi wao hawakukaa. Marafiki na wasomaji wao walikuwa wamebaki Twitter.

Wimbi kubwa lilianza 27 Oktoba 2022, Elon Musk alipokamilisha ununuzi wa Twitter kwa dola bilioni 44. Wiki iliyofuata, 4 Novemba, aliwaachisha kazi karibu nusu ya wafanyakazi wapatao 7,500. Ofisi ya Accra, ya kwanza ya Twitter barani Afrika, ilikuwa imefunguliwa rasmi siku chache tu kabla. Karibu wafanyakazi wake wote walipata barua za kuachishwa. Waandishi wa habari, wanasayansi, wasanii na mafundi walianza kuandika anwani mpya kwenye wasifu wao. Kwa hesabu ya Rochko mwenyewe, watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walipanda kutoka takriban 300,000 hadi milioni 2.5 kati ya Oktoba na Novemba.

Twitter haikukaa kimya. Katikati ya Desemba ilifunga akaunti ya Mastodon pamoja na za waandishi kadhaa, na tarehe 18 ikatangaza kwamba kuweka viungo vya Mastodon, Facebook au Instagram ni kosa. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba katazo hilo liliondolewa upesi, lakini ujumbe ulikuwa umefika: kutoka si uamuzi wa anayetoka peke yake.

Siku ya tatu, jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliofika Mastodon mwishoni mwa 2022 walikabidhiwa jembe siku ya kwanza. Kabla ya kuandika neno walitakiwa kuchagua seva kati ya maelfu, na wengi hawakujua waangalie nini. Hapakuwa na mashine ya kuwaletea watu wa kuwafuata. Utafutaji wa maneno ulikuwa umebanwa kwa makusudi ili wachokozi wasiwinde watu. Njia ya kulinukuu chapisho la mwingine na kulijibu mbele ya wafuasi wako haikuwapo, kwa sababu Rochko aliona inachochea dhihaka. Wenyeji walikuwa na desturi ya kufunika mada nzito kwa onyo, na Wamarekani Weusi walilalamika kwamba walitakiwa kufunika habari za ubaguzi wanaofanyiwa, kana kwamba uzito wa jambo uko kwenye kulisema.

Januari 2023 watumiaji walikuwa wameshuka hadi takriban milioni 1.8. Magazeti yaliandika kwamba jaribio limeshindikana. Hata hivyo, kwa wasimamizi wa seva kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Mfano mzuri ni Hachyderm. Kris Nóva, mhandisi wa programu wa Marekani, aliiendesha seva hiyo kwa kompyuta zilizokuwa kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Mwezi Novemba 2022 iliruka kutoka watu mia kadhaa hadi 30,000. Diski zilianza kugoma, kurasa zikachelewa kufunguka, na kikosi cha watu wa kujitolea kikahangaika kuhamisha kila kitu kwenda kwenye kituo cha kukodi Ujerumani huku maelfu wakiendelea kuandika. Kisha Nóva na wenzake walifanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria: walianzisha taasisi ya wanachama, Nivenly Foundation, seva isiwe mali ya mtu mmoja. Agosti 2023 Nóva alifariki katika ajali ya kupanda mlima. Seva iliendelea kufanya kazi, kwa kuwa kulikuwa na watu waliojua funguo ziko wapi na taasisi yenye haki ya kuzitumia.

Kwingine hapakuwa na maandalizi kama hayo. Msimamizi wa mastodon.lol, seva iliyokuwa na maelfu ya watu, alitangaza mapema 2023 kwamba anaifunga baada ya kuchoshwa na ugomvi wa watumiaji. Mei mwaka huo polisi wa FBI walipekua nyumba ya mmoja wa wasimamizi wa kolektiva.social, seva ya wanaharakati, kwa uchunguzi ambao haukuihusu seva. Walipoondoka na vifaa vyake waliondoka pia na nakala ya hifadhidata ya watumiaji, isiyofungwa kwa msimbo wa siri. Februari 2024 queer.af, seva ya jamii ya mashoga na wasagaji iliyotumia herufi za utambulisho wa Afghanistan (.af) mwishoni mwa jina lake, ilizimika baada ya serikali ya Taliban kufuta jina hilo. Kwenye seva ndogo, kumbe, watu maelfu wanaweza kutegemea afya, uvumilivu au mlango wa nyumba ya mtu mmoja.

Kuna jambo moja ambalo mfumo huu ulilifanya vizuri kuliko matajiri. Julai 2019 Gab, mtandao wa Kimarekani uliojaa wenye itikadi za ubaguzi wa rangi, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Programu ni huria, kwa hiyo Rochko hakuwa na uwezo wa kuikataza. Lakini seva moja baada ya nyingine ilikata mawasiliano nayo, hadi Gab ikabaki ikizungumza peke yake. Hapakutolewa amri kutoka juu. Wasimamizi waliamua kila mmoja kwa nafsi yake, na uamuzi ukafanana.

Matajiri wanajifunza

Mwaka 2023 kampuni nyingine ilirudia kosa la Twitter. Reddit, jumuiya ya majukwaa maelfu yanayosimamiwa na watu wasiolipwa, ilitangaza bei mpya kwa watengenezaji wa programu zinazosoma data zake. Christian Selig, mtengenezaji wa programu ya Apollo, alipiga hesabu akaona angedaiwa takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Tarehe 12 Juni maelfu ya majukwaa yalifunga milango kwa mgomo. Kampuni haikurudi nyuma, na Apollo ikazimwa mwisho wa mwezi. Baadhi ya wagomaji walihamia Lemmy, programu ya majukwaa inayotumia ActivityPub iliyoanzishwa 2019, na seva ya lemmy.world iliyofunguliwa mwezi huohuo ikawa kubwa kuliko zote. Idadi yao ilikuwa ndogo mbele ya Reddit, lakini makundi kadhaa yalihama pamoja na wasimamizi wao, na ndiyo yaliyoota mizizi.

Julai 2023 Meta, kampuni mama ya Facebook, ilizindua Threads. Ndani ya siku tano ilikuwa na watu milioni 100, na ikaahidi kuzungumza ActivityPub. Majaribio yalianza Desemba. Jambo hilo liliwagawa wenyeji. Wapo walioona ni ushindi, tajiri amekubali kanuni yao. Wengine walitia saini ahadi ya kuifungia Threads kabla haijafika, wakisema aliyekuwa akimeza washindani hawezi kuja kwa jambo la heri. Kila seva iliamua kivyake, na hakuna aliyelazimishwa.

Njia nyingine ilitoka Twitter kwenyewe. Desemba 2019 Jack Dorsey, mkuu wa kampuni wakati huo, alitangaza kikosi kidogo cha kubuni itifaki ya wazi. Ndicho kilichozaa Bluesky chini ya Jay Graber. Ilifunguliwa kwa wote Februari 2024. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Jaji Alexandre de Moraes aliamuru X, jina jipya la Twitter, izuiwe Brazil, na zaidi ya Wabrazili milioni mbili wakajiunga na Bluesky ndani ya siku chache. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba, Bluesky ilivuka watu milioni 20. Ni rahisi kuitumia kuliko Mastodon, na mtu anaweza kuhama na akaunti yake. Lakini karibu watumiaji wake wote wako kwenye mashine za kampuni moja iliyochukua fedha za wawekezaji. Mlango wa kutokea umejengwa; bado haujajaribiwa na umati.

Kwa nini sisi hatukuhama

Wakenya wa Twitter, maarufu kwa jina la KOT, hawakuhama 2022, na sababu haikuwa kutojua. Juni 2024 vijana waliopinga Muswada wa Fedha walijipanga kupitia X, TikTok na WhatsApp, na tarehe 5 Julai Rais William Ruto mwenyewe aliingia kwenye mjadala wa sauti wa X kuwasikiliza. Umati huenda kwenye umati, na wakubwa huufuata uliko. Anayetaka rais amsikie hafungui seva ya watu mia mbili.

Tanzania ina sababu ya ziada. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au jukwaa kulipia leseni, na jumla ya ada ilifika takriban shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza. JamiiForums ilijizima kwa muda Juni mwaka huo. Kwa kijana wa Mbeya mwenye kompyuta ya mkononi na wenzake hamsini wanaopenda ushairi, sheria ya namna hiyo ilimaanisha kwamba afadhali aunde kundi la WhatsApp. Na ndivyo watu walivyofanya. X ilipozuiwa nchini Mei 2025, waliotaka kubaki walitumia VPN, na wengi wengine walikuwa tayari kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram: madogo, yenye msimamizi anayejulikana kwa jina, yenye sheria zake na adabu zake.

Kwa hiyo tabia ya jamii ndogo tunayo. Tulichokosa ni umiliki. Kundi la WhatsApp liko kwenye mashine za Meta, na siku Meta ikibadilisha masharti, msimamizi wa kundi hana la kusema. Ukanda huu, hata hivyo, una uzoefu ambao Montreal na Jena walipaswa kuutafuta. Kikoba na chama huendeshwa kwa michango midogo, mwekahazina wa zamu, daftari la wazi na kikao cha kuamua nani atolewe. Seva ya watu mia tatu haihitaji zaidi ya hayo. Social.coop, seva ya Mastodon iliyoanzishwa 2017, inaendeshwa hivyo hivyo: wanachama huchangia, hupiga kura, hugawana kazi ya usimamizi.

Rochko mwenyewe alifikia hitimisho lilelile. Aliwahi kukataa fedha za wawekezaji wa Marekani zaidi ya mara moja, akijua kwamba wangemgeuza tajiri. Januari 2025 alitangaza kwamba umiliki wa Mastodon utahamishiwa kwa shirika lisilotafuta faida, na Novemba mwaka huo akajiuzulu uongozi na kuikabidhi kazi kwa wengine, baada ya karibu miaka kumi.

Hukumu juu ya waliohama si vigumu kuitoa. Aliyehama peke yake kwa hasira mara nyingi alirudi. Waliohama kama kundi, wakiwa na msimamizi wao, walikaa. Na waliodumu hata msimamizi alipochoka au kufariki ni wale waliokuwa wameigawana kazi mapema na kuiandika. Kwa hiyo msomaji unayefikiria kuliacha jukwaa kubwa, usianze kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Waulize wenzako ishirini maswali matatu: nani atalipia seva, nani atawatoa wachokozi, na nani ataishika kazi hiyo siku mwenyewe asipokuwepo. Mkipata majibu, fungueni. Msipoyapata, bakini mlipo kwanza mkiendelea kuyatafuta.